Kitambaa cha Siku ya Tuzo

Mwaka 2012 mume wangu Polycarpe alipewa tuzo ya kimataifa ya amani, kwa kitabu chake kuhusu ndugu wawili wanaopatana baada ya vita. Mara ya kwanza nilikisoma nikalia. Mara ya pili nilipandwa na hasira, maana mwenyewe alikuwa na miaka hasemi na kaka yake Nday, anayekaa mtaa wa Molenbeek, jiji hili hili letu la ughaibuni, ng'ambo ya mfereji tu. Kosa la Nday? Alimzika mama yao Lubumbashi bila kumngoja Polycarpe, aliyekuwa kwenye kongamano la maridhiano. Cheka ukitaka.

Kwetu sherehe haiendi bila ukoo mzima kushona kitambaa kimoja. Nilichagua cha buluu chenye ndege weupe, nikakigawa.

"Nday usimupe," Polycarpe aliniamuru. Sikumpa.

Siku yenyewe ukumbi karibu na Porte de Namur ulijaa. Polycarpe alihutubia juu ya kusamehe, watu wakafuta machozi. Kisha mpiga picha akaita familia jukwaani. Tulipopanda, akainuka mzee mmoja kule nyuma kabisa, amevaa buluu yenye ndege weupe. Yaya Nday, kaka mkubwa mwenyewe! Alikuwa amezunguka maduka ya Waafrika mtaani Matonge mpaka akakipata kitambaa mwenyewe. Alikuja taratibu, anatabasamu kama bwana harusi.

"Na huyu ni wa familia?" mpiga picha aliuliza.

Polycarpe alimtazama toka kichwani hadi viatuni. "Hapana. Ni mwalikwa tu."

Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nday ndiye aliyenituliza.

"Haina neno, Berthe. Bon, mupige foto. Miye nitashika makoti yenu."

Akayakusanya vitini, akasimama nayo mlangoni. Wageni walipomwona hivyo wakamtwika na ya kwao, naye akayapokea yote, na lile shati lake jipya likafunikwa kabisa.

Wakati wa kutoka, Polycarpe alinipa tuzo nimshikie. Nday akampanulia koti lake, mkubwa akimvalisha mdogo wake. Mume wangu alijua vizuri ni nani. Akaingiza mikono bila kugeuza shingo.

"Merci, monsieur," akasema, kama anayemshukuru mhudumu asiyemjua, akatoka nje.

Nikaiweka ile tuzo sakafuni, nikasimama na yaya Nday kugawa makoti yaliyobaki.