Vifaranga wa Kware Wanaopotea

Fundi cherehani aliweka mayai ya kware chini ya kuku wake aliyekuwa akiatamia, na siku ya kumi na nane wakatoka vifaranga tisa, kila mmoja kama kidole gumba. Kesho yake wakabaki saba. Jioni, watano. Wavu wa banda ulikuwa mzima, na paka hakuna. Aliyekuwepo ni wifi yake, mgeni wa wiki moja, aliyesema tangu mwanzo kwamba kuku hawezi kulea wana wa ndege mwingine.

"Kikulacho ki nguoni mwako," fundi alijisemea, alipomwona wifi akitoka bandani mkono umo mfukoni mwa sweta. Akamnyatia hadi jikoni.

"Umeshika nini, wifi?"

Wifi akatoa kifaranga, akamlaza kwenye boksi la viatu kando ya jiko, pamoja na wenzake wanne.

"Kuku wako anawadonoa. Ningekwambia, ungesema nimekuja kukusimanga."

Fundi hakuamini hata kidogo. Akaenda kuchutama bandani mpaka akamwona kuku, kwa macho yake, akimdonoa mmoja kichwani. Akamnyakua kifaranga huyo, akarudi jikoni bila kumtazama wifi usoni.

"Wasogeze hao," alisema. "Na huyu anatetemeka."