Ngongoti za Mama

Mama alitoka alfajiri na ndara moja mguuni, na mpaka saa tano hakuna aliyemwona. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoroka mwaka wa pili sasa. Alishapotea kabla, ila safari hii wingu zito lilikuwa limetanda, na Kitinda, binti yake wa mwisho, aliamua kuchapa matangazo ya kumtafuta.

"Chapa kwa kompyuta kwenye karatasi pana, tuondoke!" kaka yake alifoka mlangoni mwa kiwanda chao cha uchapaji.

"Karatasi pana inazunguka nguzo ya umeme, kaka. Mtu anasoma nusu. Niache!"

Akavuta droo ya herufi za mbao ambazo mama alipangia matangazo miaka thelathini. Mama aliziita ngongoti, kama ile miti mirefu wanayotembelea wacheza ngoma: ndefu, nyembamba, kila mguu una kisigino chake. Kwenye karatasi nyembamba, herufi nyingine ungezipunguza mpaka watu wakodoe macho. Ngongoti husimama wima, na mtu wa ng'ambo ya barabara anazisoma hata kama hataki.

MAMA AMEPOTEA. Kwa pupa akachomeka vibao vinene kati ya herufi, zikaachana mno, kosa ambalo zamani lingemfanya afinywe sikio na mama. Chini akapanga namba ya simu kwa herufi fupi za kawaida, maana ngongoti zikiwa ndogo wino huziziba. Akachapa hamsini.

Saa nane nguzo zote za mtaa zilikuwa zimebandikwa, na simu kimya. Tone la kwanza la mvua likamdondokea Kitinda puani. Kaka mtu, aliyekuwa akifoka tangu asubuhi, akaketi ukingoni mwa barabara akaangua kilio.

Ndipo simu ikaita.

"Nyie ndio wenye matangazo?" mwanamume aliuliza. "Kuna bibi hapa sokoni anayabandua, anagombana na kila mtu."

"Ana ndara ngapi?"

"Moja."

Walikimbia, mvua ikimwagika. Mama alikuwa ameloa chapachapa, karatasi mkononi. Akamtazama Kitinda juu mpaka chini kama mgeni.

"Wewe ndiye umechapa uchafu huu?"

"Ndiyo, mama."

"Ngongoti unaziachanisha hivi? Zinataka kubanana, visigino vikaribie kugusana! Nani kakufundisha?"

Ilimuuma, asikwambie mtu. Herufi anazikumbuka, mtoto aliyemzaa hamkumbuki.

"Sikushika vizuri nilipofundishwa," akasema.

"Twende kiwandani nikuonyeshe. Na huyu anayelia abebe karatasi."

Mama akatangulia kwenye mvua. Penye kona akakata kushoto bila kuuliza njia, kisha akasimama ghafla, akaisoma tena karatasi iliyolowa.

"Na huyu mama," aliuliza, "ameonekana?"

"Ameonekana," Kitinda alijibu, akimshika mkono.

"Afadhali. Watoto wake watakuwa wamehangaika sana, maskini."