Hana Tatizo, Ana Watoto

Muuguzi mkuu wetu, ambaye kisogoni tulimwita Bibi Kanuni, alirudi kutoka masomoni ng'ambo na kitabu kizito. Kilipodondoka sakafuni, wagonjwa wawili walishtuka wakapona. Humo mlikuwa na orodha ya matatizo ambayo muuguzi humwandikia mgonjwa, yametungwa na watu wa huko kwa ajili ya watu wa huko. Hakutaka libadilishwe hata neno.

Nilikuwa na mzee aliyelishwa na binti zake. Mikono yake ilikuwa mizima. Kulishwa ilikuwa heshima yake. Bibi Kanuni akamwandikia kwenye fomu: "Hawezi kujilisha. Ndugu watolewe, ajifunze." Mzee akagoma kula siku mbili. Nikaukata ule mstari, nikaandika: "Hana tatizo. Ana watoto."

Aliniita mshamba mbele ya wanafunzi, akanihamishia kwenye ufuaji. Miezi minane nilikamua mashuka kama shingo ya mtu ninayemjua, huku nikiapa kwamba kitabu chake atakionja mwenyewe.

Mungu si Athumani. Wiki niliyorudishwa wadini, Bibi Kanuni aliteleza bafuni akavunjika mguu, akaletwa kwangu. Na dada zake saba wakamfuata: huyu anamwosha, huyu anamsuka, huyu anamnywesha uji, waliobaki wanagombania zamu ya kesho.

Nikaandika kwenye fomu yake kwa mwandiko wa kadi ya harusi: "Hawezi kujiosha. Hawezi kujilisha. Ndugu watolewe, ajifunze."

"Una wazimu wewe?" akafoka. "Mikono yangu si mizima?"

"Ndiyo maana utajifunza haraka, bosi. Ukurasa wa mia mbili na nne. Sijaongeza hata nukta."

Dada zake walitoka wakinilaani mimi na wajukuu ambao sijawapata. Siku ya kwanza alijikaza. Ya pili, uji uliganda mezani. Ya tatu nilimkuta anawasikiliza dada zake wakicheka nje ya dirisha, machozi yakimtoka.

"Kaka yangu, waite."

"Fomu hairuhusu."

"Ibadilishe basi!"

"Mshamba kama mimi?" Nikamwekea kalamu mkononi. "Badilisha wewe. Na si yako tu, ya wadi nzima."

Akaandika: "Kuhudumiwa na ndugu si tatizo, mpaka mgonjwa mwenyewe aseme ni tatizo." Akatia sahihi.

Sentensi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na hilo liliniuma. Nikawaita wanafunzi, nikawasomea mara mbili, polepole, yeye akisikia. Ndipo nikawafungulia dada zake mlango.