Numbi Analala mu Swap

Mama alikatala kupanda kamio, ile lori ya kuhama. Bitu yote ilikuwa mu kamio: masufuria, matela, manjanja ya paa, mpaka mulango wenyewe. Yeye akaikala chini mu salo, ndani ya nyumba, pembeni ya tundu.

Tata Alfani, mwenye kamio, akamuambia: "Mama Kabedi, buludoza iko pa nyumba ya tatu. Na ile haijuake kupiga hodi."

"Ibomoe na mi ndani. Mutoto wangu iko huku chini."

Ilikuwa mu mutaa ya Kasulo, ile wakati balitufukuza juu ya kobalti, madini yenye iko chini ya manyumba. Yaya Numbi, mukubwa wangu, alishukaka mu ile tundu asubui moja kuchimba, udongo ikamuangukia. Batu balichimba, balichimba, bure. Hatukumuzika. Mama hakuacha batu bamalize kilio.

Nikamuambia: "Mama, munipe ordi yake, ile kompyuta. Pengine nitawatolea sauti yake."

Tangu siku ile aliifungaka mu kikwembe, hakuna mutu wa kuigusa. "Sauti gani?"

"Alikuwa anajirekodi, wimbo ya korali, ya kwaya yake. Bakamuita ku tundu, akafunga ordi mbio mbio. Hakuchunga wimbo, hakuihifadhi fasi. Iko mu swap."

Mama haelewe swap, nikamueleza. Ile ordi ukiifunga, inamwanga yote yenye iko nayo mu kichwa mu kipande moja ya diske, njo swap, kiisha inazimika. Ukiiwasha, inaendelea pale pale iliachia. Mara moja tu. Kiisha, swap inabaki mutupu.

Sasa shida: mu ile ordi mulikuwa sisteme mbili ya Linux, yake na yangu, na swap moja, juu diske ilikuwa kadogo. Pa menu ya kuwasha, yangu njo ya kwanza. Ukikawia segonde tano, inaingia kwangu yenyewe, inakuta swap imejaa, inaifagia. Numbi alinionyaka: "Petit, mudogo wangu, mi nikiwa nalala, weye ukipita mbele, unaniua."

Mama akafungua kikwembe, akanipa ordi. Tata Alfani akavuta kuran, ile umeme, ku batri ya kamio. "Hii kamio ilibebaka mbuzi, ikabeba bibi-arusi. Leo inalisha ordi ya mufu."

"Alfani, usiseme mufu."

"Munisamehe, mama."

Nikawasha. Menu ikatoka: juu yangu, chini kabisa *NUMBI USIGUSE*. Tano. Nikafinya mushale ya kushuka: hapana. Vumbi iliisha kuikula. Ine. Nikafinya tena. Tatu. Nikafinya mushale ya kupanda, hesabu ikasimama, lakini mwangaza ikabaki kwangu. Nikajaribu tushi ingine, batani ya "Fin", njo mwisho, yenye hakuna mutu anatumiaka. Mwangaza ikaruka mpaka chini.

"Ni yeye?" mama akauliza.

"Ni jina yake."

"Basi mufungulie."

Nikafinya. Ekra, kioo ya ordi, ikakuwa nyeusi. Ikakawia. Buludoza ikakamata nyumba ya jirani, vumbi ikatumwangikia ku kichwa. Kiisha ekra ikafunguka, na saa ya pale juu ilikuwa bado asubui, asubui ya siku ile. Nikafunga macho kidogo, ikaruka mpaka leo. Na alama nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka. Haikusimama hata kidogo. Ilikuwa inaendelea, inarekodi hata shi.

"Numbi!" mama akaita kwa nguvu. "Numbi, toka huko!"

Alama ikacheza na sauti ya mama. Nikaisimamisha, nikachunga mara mbili, kiisha tukasikiliza.

Numbi anaimba. Anakosa, anacheka, anaanza tena. Mutu anamuita inje. Anajibu: "Nakuya!" Ordi inafungwa, ta! Na pale pale, bila hata ya kupumua, sauti ya mama: "Numbi! Numbi, toka huko!" Na buludoza nyuma.

Tata Alfani akavula kofia.

"Rudilisha," mama akasema. Nikarudilisha. "Tena." Nikarudilisha tena.

"Alisema anakuya," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mi nikamuita."

Akasimama, akapangusa kikwembe, akatoka. Ku tundu hakuangalia tena. Akapanda mbele mu kamio, akajisogeza karibu na Tata Alfani mpaka akamubana. Nikataka kupanda pembeni yake.

"Weye, panda nyuma."

"Mama, fasi si iko?"

"Iko na mutu."

Tata Alfani akaniangalia, nikamuangalia. Nikafunga mulango ya kamio pole pole, nisimubane mutu, kiisha nikapanda nyuma na matela.