Chuma Kikavu

Pingu ilipatikana asubuhi kwenye nyasi za ukingo wa mto Themi, imefungwa vizuri, msumari wake umepondwa barabara kama ulivyotoka karakana, ila haina mkono ndani. Askari aliyeiokota aliileta bomani akiwa ameishika kwa vidole viwili. Mwenye mkono, kijana aitwaye Lerionka, alikuwa ameshapotelea kwenye msitu wa Meru, na huko hakuna askari wa Wadachi aliyekuwa na hamu ya kumfuata.

Meitamei aliiona pingu hiyo ikipitishwa mlangoni mwa karakana, na mpini wa mvukuto ukamponyoka. Aliijua. Mtu hasahau chuma alichokifua mwenyewe. Alijua pia imetokaje mkononi mwa Lerionka bila kufunguliwa.

Tusidanganyane: Meitamei hakuwa shujaa. Alikuwa mhunzi, mtoto wa wahunzi wa Sokon, na wahunzi wa Waarusha hakuna aliyewalea kwa ushujaa. Mikuki yote ya vijana wa mlima ule ilitoka kwenye fuawe zao, lakini penye karamu mhunzi alikaa pembeni na nyama yake aliletewa mwisho. Wadachi walipoanza kujenga boma lao la mawe hawakujali habari hizo. Walitaka mtu anayejua chuma. Wakamtoa kwake, wakampeleka kwa Fundi Jamaldini, mtu wa Pangani aliyekuja na msafara kusimamia karakana, na hapo Meitamei akajifunza kufua bawaba za milango, makomeo ya madirisha na matindo ya kuchongea mawe. Alijifunza upesi. Jamaldini alimpenda, ingawa sifa zilimtoka kwa shida sana.

Halafu vijana wakaanza kukataa kubeba mawe, boma likajaa wafungwa, zikatakiwa pingu.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwa Waarusha, chuma kinachotoka kwa mhunzi kina damu. Huna haja ya kuamini. Wao waliamini, na Meitamei aliamini kuliko wao wote. Kikimgusa mtu asiye wa ukoo wa wahunzi kikiwa kikavu, mtu huyo ama ataua, ama atauawa. Ndiyo maana mhunzi hamkabidhi mtu mkuki, wala kisu, wala hata kengele ya ng'ombe, kabla hajakipaka mafuta ya kondoo, na mkono wake wenyewe watu hawaushiki bila kujipaka kwanza. Baba yake alimfundisha hilo kabla hajamfundisha kushika koleo. Basi na pingu nazo Meitamei alizipaka. Alizipaka vizuri, ndani na nje, kwa mafuta aliyokuja nayo kwenye pembe kutoka nyumbani, akalala usingizi wa mtu aliyetenda haki. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba mkono uliokonda kwa uji wa kifungoni, ukipakwa mafuta ya kondoo, huteleza.

Fundi Jamaldini aliipokea pingu kutoka kwa askari, akaigeuza, akaipeleka puani. Akangoja askari aondoke. Kisha akausukuma mlango wa karakana, akauegemea kwa mgongo.

"Hii inanuka nini, Meitamei?"

"Kondoo, Fundi."

"Kondoo." Jamaldini alifumba macho. "Na mimi nilikuona unapakapaka. Nikasema moyoni, bwana huyu anazuia kutu, fundi makini huyu. Kumbe unamwandalia mtu safari!"

"Sikumwandalia, Fundi. Naapa. Ni mila yetu. Chuma hakiendi kwa mtu kikiwa kikavu."

"Kamweleze Bwana Kifimbo habari za mila. Atakuelewa sana." Jamaldini alishusha sauti. "Ule mti ulio mbele ya lango unaujua?"

Meitamei aliujua. Kila mtu aliujua. Wanawake walioleta maziwa bomani walizunguka kwa nyuma ili wasipite chini yake.

"Basi nisikilize," Jamaldini alisema. "Akija, wewe Kiswahili hukijui. Hujui hata neno moja. Nitasema mimi. Ukitamka mafuta, watakupandisha wewe kwanza, kisha mimi msimamizi wako, na mimi nina watoto Pangani wananingoja."

Meitamei aliitikia kwa kichwa. 

Bwana Kifimbo, sajini wa Kidachi aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuachana na fimbo yake hata akiwa anakula, hakuja mapema. Kungoja kulikuwa kubaya kuliko kuja kwake. Kila buti lililopita nje lilimfanya Meitamei ageukie mlango. Alitia chuma motoni akakisahau mpaka kikaungua, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu alipokuwa akijifunza kwa baba yake. Mkewe Nosim alimjia akilini, na moto wa nyumbani, na jinsi atakavyoletewa habari. Nani atampelekea? Hakuna mtu angethubutu kuugusa mwili uliotundikwa kwenye ule mti.

Alipotoka kuchota maji ya kupozea chuma, alimkuta Naipanoi amesimama nyuma ya karakana na kibuyu chake. Alikuwa mama mtu mzima, jirani yake wa Sokon, mwenye ng'ombe na heshima. Mwanawe Lomayani alikamatwa pamoja na Lerionka. Naye alifungwa pingu zilizopakwa, lakini alikuwa kijana wa mifupa mipana, mikono yake haikupita.

"Takwenya, yeyo," Meitamei alimwamkia kwa Kimaasai, kama mtu anavyomwamkia mama.

"Iko," aliitikia Naipanoi, na hakungoja salamu nyingine. "Nasikia watavuliwa hizo pingu, watavishwa nyingine mpya. Ni kweli?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Sikuombi umfungue mwanangu. Najua huwezi. Nakuomba umpake tu. Pingu zitavuliwa siku moja, atarudi nyumbani, tutachinja. Lakini akitiwa chuma kikavu, hata akirudi hatakuwa amerudi. Unaelewa? Wewe ndiye unayeelewa. Hawa wengine wa bomani hawajui."

"Nitampaka, yeyo."

"Sema tena."

"Nitampaka," alisema Meitamei, huku sikio lake liko kwenye uwanja wa boma, kwa sababu alikuwa ameisikia fimbo ikigonga buti.

Aliingia ndani mbio, nusu ya maji yakamwagika.

Bwana Kifimbo alikuwa amesimama katikati ya karakana, pingu mkononi. Askari wawili walikuwa mlangoni. Hakuwa akipiga kelele, na watu waliomfahamu walisema hapo ndipo pa kumwogopa.

"Nani tengeneza hii?"

"Huyu hapa, Bwana," alisema Jamaldini. "Mimi nilimwonyesha."

"Pingu nzima. Msumari nzima. Mtu hapana. Kwa nini?"

Jamaldini alimgeukia Meitamei akamwuliza kwa Kimaasai kibovu cha sokoni, maneno ambayo hayakuwa na maana yoyote, kitu kama "ng'ombe wako wazima?" Meitamei alifungua mdomo. Alihisi neno mafuta limekaa ulimini, lipo tayari, linataka kutoka lenyewe, kwa maana mtu mwenye hofu hutamani yaishe hata kama yanaishia pabaya. Akalimeza. Akasema kwa lugha yake kwamba ndiyo, ng'ombe ni wazima.

"Anasema alikosea kipimo, Bwana," alisema Jamaldini. "Alipima mkono siku walipoletwa, wakiwa wanene. Sasa wamekonda."

Bwana Kifimbo alipitisha kidole ndani ya pingu polepole, akakitazama. Kiling'aa.

"Mafuta."

"Ya kuzuia kutu, Bwana. Huku mlimani mvua ni nyingi."

 Bwana Kifimbo alitazama huku na huku, akaiona ile pembe juu ya rafu. Aliishusha, akaondoa kizibo, akanusa, akamtazama Meitamei usoni kwa muda mrefu. Meitamei alijua kwamba amejua.  Kisha Mdachi akainamisha pembe juu ya makaa. Moto ukaruka hadi darini, harufu ya kondoo wa kuchoma ikajaa karakana nzima, na askari mmoja pale mlangoni akameza mate.

"Kutu si shauri yako," Bwana Kifimbo alisema. "Leo funga wote tena. Bana sana. Mimi tazama. Mmoja toroka, wewe," akamwelekeza Meitamei fimbo, kisha akaielekeza nje, upande wa lango, na hakuhitaji Kiswahili zaidi.

Meitamei alizifua upya pingu, akizikaza kipimo. Mikono ilifanya kazi yenyewe, kwa bahati nzuri, maana kichwa hakikuwepo. Mdachi alivutiwa kiti, akakaa hapo hapo karibu na moto, jasho likimtiririka ndani ya kola, asiondoke.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Lomayani.

Aliingia ameinua kichwa, akijaribu kutembea kama anavyotembea nyumbani. Alipiga magoti penye fuawe na kunyoosha mikono mwenyewe, bila kusukumwa. Kiboko alikuwa ameshachapwa, hamsa ishirini nzima, mapigo ishirini na matano, na watu walisema hakulia. Meitamei alizipasua zile pingu kuukuu kwa tindo, akachukua mpya. Zilikuwa zimepoa, za kijivu, kavu kabisa. Lomayani alizitazama. Akamtazama yeye. Kisha macho yake yakaitafuta pembe kwenye rafu, yasiione.

"Mafuta yako wapi?" alinong'ona.

Meitamei aliinamia pingu. Si kwamba hakuwa na la kufanya. Mikono yake yenyewe ilikuwa na mafuta, kama mikono ya kila mtu wa kwao, aliyojipaka alfajiri Nosim akiwa anakamua. Angeweza kufuta kiganja kwenye kiwiko chenye mafuta na kukipitisha ndani ya chuma mara moja tu. Hata kidogo kingetosha, mila haidai kikombe. Alifikiri hayo yote. Alikuwa na nafasi. Lakini fimbo ilikuwa inagonga buti, taratibu, karibu na sikio lake, na alipojaribu kuuinua mkono kuupeleka kwenye kiwiko, mkono haukuinuka.

"Mhunzi," alisema Lomayani. Sasa sauti ilikuwa ya mtoto. "Mhunzi, usinitie hivyo. Nipake. Nipake hata mate."

Mhunzi alikivisha chuma mkononi mwake, akakikaza, akatia msumari. Lomayani alianza kutetemeka mwili mzima, na askari wakacheka, wakidhani ameogopa nyundo. Meitamei alipiga mpaka msumari ukalala.

Waliobaki waliingia mmoja mmoja. Hao nao aliwafunga vile vile, bila kumtazama yeyote usoni. Bwana Kifimbo aliijaribu kila pingu kwa kuivuta, akaridhika, akaondoka. Jamaldini alikaa chini, akajifuta uso kwa kanzu yake, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Umepona," alimwambia. "Nenda nyumbani. Leo umezaliwa mara ya pili."

Meitamei alitoka bomani jua likiwa limeanza kuuacha mlima. Hofu ilipaswa kuisha, aliona hivyo mwenyewe, lakini haikuisha, ilihama tu. Alipita mbali na ule mti. Alitaka kukata njia kwenye migomba asionane na mtu, na pengine angefanikiwa, kama Naipanoi asingekuwa amekaa kwenye kijia cha migomba hiyo hiyo, kibuyu kitupu mapajani. Mama alipomwona aliinuka.

"Umemfunga?"

"Nimemfunga, yeyo."

"Ulimpaka?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Neno fupi. Lakini aliuona uso ule wa mama, akaona utakavyokuwa baada ya neno hilo, akasikia kelele atakazopiga hapo kijiani, na watu watakaotoka, na jina lake likitajwa toka Sokon mpaka Meru. Mtu wa mlima angeweza kumfanya nini mhunzi aliyemtia kijana wao chuma kikavu? Hakutaka kujua.

"Nilimpaka," alisema.

Naipanoi alishusha pumzi, machozi yakamtoka. Akasema Mungu ambariki, yeye na mkewe na watoto wake na moto wake, akasema maneno mengi mazuri ambayo watu wa ng'ombe hawamwambii mhunzi. Kisha, kabla Meitamei hajarudi nyuma, akamshika mkono. Tangu azaliwe hakuna mtu wa nje ya ukoo wao aliyewahi kumgusa mkono bila kujipaka mafuta kwanza. Naipanoi aliushika hivyo hivyo, mweusi kwa makaa, akaubana kwa mikono yake yote miwili, mikavu, akiendelea kuomba. Meitamei alitaka kuuchomoa, lakini aliogopa Naipanoi angemwuliza kwa nini.