Nchi Saba kwa Siku Tisa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema ili Vendula asinitangulie.

Tulikaa watatu jikoni kwangu, hapa Brno, Ucheki, Jumapili mchana: mimi Bořek, Radim niliyejifunza naye ufundi umeme, na Vendula, mwoka mikate. Vendula alikuwa amepata likizo ya siku tisa, ya kwanza baada ya miaka mitatu, na alitaka kitu kimoja tu: kuiona bahari. Wacheki wote, hata wenye jozi moja ya viatu, wameshakwenda kubabuliwa na jua Kroatia. Yeye hajafika, maana kila kiangazi lazima pawe na mtu wa kuwasha tanuri saa nane za usiku.

Njia niliichora mimi, kwa kalamu nyekundu inayofutika. Tiketi yenyewe ilikuwa ile ya vijana, ya bei ya chini: siku saba za kupanda treni, nchi yoyote uitakayo. Kwa kuwa ni nchi yoyote, nikaona tuzimeze zote. Nilikuwa na hamu ya kujua Wahungari wanakunywa nini alfajiri pale kituoni, na kama kweli masikio huziba treni ikipanda milima ya Uswisi. Kulala hakukunitisha, nimewahi kulala juu ya gunia la viazi na nikaota ndoto nzuri.

Vendula akaweka kidole kwenye ramani. "Na hapa? Tumetoka Budapest, tunarudi Brno kufanya nini?"

"Kwa mama. Tunalala bure, halafu anatukaangia nyama nyingine."

Mcheki hasafiri bila nyama bapa ya nguruwe iliyoviringishwa kwenye chenga za mkate. Za kwanza zingetufikisha siku ya nne. Uswisi ukinunua bakuli la supu, unarudi nyumbani kwa miguu.

"Hapo kuna akili," Radim akasema. Huyo ukimtajia nyama, anakubali hata kuhamia mwezini.

Vendula alikuwa anasoma masharti kwenye simu. "Sikilizeni, waheshimiwa. Katika nchi yako mwenyewe tiketi hii ni ya safari mbili tu. Ya kutoka na ya kurudi. Bwana Bořek ametutoa mara mbili, akaturudisha mara mbili."

"Kwa nini wamzuie mtu kwao?" Radim akauliza.

"Ili usiende nayo kazini kila asubuhi, we mjanja."

Nilikuwa nimeipanga safari wiki nzima, na masharti sikuyagusa. Lakini aliyeanguka huokota chochote kilicho karibu naye, nami nikaokota kifutio.

"Basi tufute Rijeka, kule pwani ya Kroatia," nikasema. "Tukiiacha pwani, tunapata siku ya kuzungukia Austria bila kupita kwa mama. Na nchi zinabaki saba, maana Kroatia tunaigusa Zagreb."

"Zagreb tunakaa muda gani?"

"Dakika kumi na nane."

"Na bahari?"

"Slovenia kuna ziwa. Treni inapita karibu kabisa. Maji ni maji, dada."

Radim akaacha kutafuna.  Vendula alinipokonya kalamu, akavuta mstari mmoja kutoka Brno kwenda kusini mpaka Rijeka, na pembeni yake akaandika: siku sita, hatuondoki.

"Sasa hizo ni nchi tatu tu," nikamwambia. "Tatu, Vendula. Kwa njia yangu ungerudi pale tanurini ukasema umesafiri nchi saba. Nani kazini kwenu ameziona nchi saba?"

Akafunika kalamu.

"Bořek, ng'ombe wa mpakani huona treni za nchi saba kila siku, na sijamsikia hata mmoja akisema amesafiri."