Gudulia la Mikaeli

Kufika saa moja asubuhi Yeshimebet alikuwa amemenya vitunguu mpaka macho yamemvimba. Vitunguu vyenyewe, kwa bei ya Addis Ababa mwaka huu, unavimenya kwa adabu, maganda membamba kabisa. Kuku alikuwa mmoja. Alimkata vipande kumi na viwili kama marehemu mama yake alivyomfundisha, akaviosha kwa ndimu na chumvi, kisha paja nono akalitenga kwenye kisahani. Hilo lilikuwa la Ato Gebeyehu.

Ato Gebeyehu alikuwa naibu mkuu wa ofisi ya ardhi, na Yeshimebet alikuwa karani wa masjala kwenye ofisi hiyohiyo. Miaka sita amekuwa akifanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Sasa agizo limetoka: vibarua wote wanaondoka Ijumaa hii, na itajazwa nafasi moja tu ya kudumu. Kamati inakaa Alhamisi. Leo ni Jumanne.

Mwezi uliopita alikwenda idara ya utumishi na vyeti vyake kwenye bahasha. Mama wa pale hata hakuifungua. Alimtazama juu mpaka chini, akamuuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Una mtu?"

Mtu alikuwa naye. Mama yake na Ato Gebeyehu walikuwa chama kimoja cha Mtakatifu Mikaeli, wanaokutana kila tarehe kumi na mbili ya mwezi, leo kwako, mwezi ujao kwangu, wanakula na kunywa kwa jina lake. Mama alipofariki, kiti chake kilibaki kwa binti. Na wanachama wa Mikaeli huitana ndugu, huzikana, huozeana watoto. Sasa kama huyo si mtu, mtu ni nani?

Tatizo lilikuwa zamu, maana alitaka Ato Gebeyehu ale kwake kabla kamati haijakaa. Mwezi huu wa sikukuu kubwa ya Mikaeli ulikuwa wa Emama Wogayehu, bibi wa ng'ambo ya ua, ambaye alishaanza kuandaa hata shayiri ya pombe. Yeshimebet alimpigia magoti amwachie. Bibi akasema, "Chukua, mwanangu. Mimi sijui kama mwakani nitakuwepo, lakini wewe una watoto." Akampa na ile shayiri. Yeshimebet aliona aibu iliyomshika hadi shingoni, akachukua vyote viwili.

Saa sita wageni walijaa kwenye chumba chake kimoja, kitanda kimesimamishwa ukutani kupata nafasi. Kasisi aliubariki mkate. Pembeni, chini ya kitambaa cheupe, lilikaa gudulia la udongo la Mikaeli, lile linalohama nyumba hadi nyumba pamoja na zamu.

Ato Gebeyehu alikuja amechelewa, kwa gari la ofisi, akiwa na msichana aliyejitanda shuka jipya. Alisema huyu ni Mahlet, mtoto wa dada yake. Yeshimebet alifurahi kwelikweli. Mtu hakuletei jamaa zake nyumbani kama hana nia njema nawe. Vipande vilikuwa vya kuhesabu, kwa hiyo kipande chake mwenyewe alimpa msichana, yeye akachovya injera kwenye mchuzi.

Alingoja mpaka wakati wa kunawa. Alipokuwa akimmiminia Ato Gebeyehu maji mikononi, akainama na kusema kwa sauti ya chini kwamba kamati ni keshokutwa, kwamba ana watoto wawili, kwamba yeye ni kama baba, anamjua.

"Nakujua sana, mwanangu," alisema, akijifuta vidole kimoja kimoja. "Ila habari za ofisi tusizilete mbele ya Mikaeli."

Kikombe cha tatu cha kahawa kilipokwisha, Ato Gebeyehu mwenyewe alikohoa, akaomba kusema neno. Mahlet ni mgeni mjini, alisema, hana watu. Anaomba chama kimpokee, na zamu ya mwezi ujao apewe yeye. Watu wakapiga makofi. Kisha akamgeukia mwenye nyumba, akitabasamu.

"Jumatatu anaanza kwenu masjala. Mafaili yote yale unayajua wewe. Uje japo siku mbili tatu umwelekeze."

"Si kamati inakaa Alhamisi, baba?"

"Alhamisi, ndiyo," alisema, akachota shayiri ya kukaanga akaanza kutafuna.

Yeshimebet akaelewa. Ilikuwa imekwisha, na ilikwisha hata kabla hajamnunua yule kuku.

Kwa desturi yao, mwenye zamu hulinyanyua gudulia, hulikabidhi mikononi mwa anayefuata, na kusema, "Mikaeli ahamie kwako." Neno hilo likishasemwa halirudi. Mahlet alipiga magoti, akanyoosha mikono. Hakuwa msichana mbaya. Yeshimebet alinyanyua gudulia, akampita, akaliweka mapajani mwa Emama Wogayehu.

"Mikaeli ahamie kwako," alisema. "Zamu hii ilikuwa yako, Emama, nikaila mimi."

Ato Gebeyehu alimtazama kasisi, na kasisi akasema taratibu kwamba neno limeshatoka.

Mlangoni, akifunga kamba za viatu, Ato Gebeyehu hakupandisha sauti. "Mkataba wako unaisha Ijumaa, sivyo? Ufunguo wa masjala usisubiri Ijumaa. Nipe sasa hivi."

Yeshimebet aliuvua shingoni, akampa. Kisha akamshika Emama Wogayehu mkono, wakavuka ua polepole, bibi amelikumbatia gudulia, na Yeshimebet analia mbele ya majirani wote bila kujifuta.